Rangi ya Kucha Idumu: Andaa Kucha Kwanza

Unapakwa rangi Jumamosi pale Manundu, Korogwe, au Chanika, Handeni. Jumatatu umefua na kuosha vyombo, ncha zimeshameguka. Wengi hulaumu chupa, lakini mara nyingi tatizo ni maji na mafuta. Kucha hunywa maji ikavimba, ikikauka hunywea. Rangi iliyokwisha kukauka haiwezi kufuata mabadiliko hayo, hivyo hupasuka. Mafuta nayo huizuia kushika.

1. Futa rangi ya zamani, kata kucha na lainisha ncha kwa tupa ukienda upande mmoja. Usikwangue uso wa kucha kwa wembe, utaipunguza unene.

2. Usiloweke vidole muda mfupi kabla ya kupaka. Mpaka rangi akitaka kukuosha kwanza, kausha vizuri na usubiri nusu saa hivi.

3. Pitisha pamba yenye spiriti au asetoni kidogo kwenye kila kucha, hata kama huoni mafuta. Aliyetoka kukaanga maandazi au kujipaka mafuta ya nazi asiiruke hatua hii.

4. Anza na rangi ya msingi isiyo na rangi, kisha mikono miwili myembamba ya rangi yenyewe, ukisubiri dakika 2 hadi 3 kati yake. Mkono mnene hukauka juu huku chini bado ni mbichi. Kaa kivulini, mbali na feni; joto na upepo hukausha uso haraka mno, viputo vikatokea.

5. Kwa kila mkono, pitisha brashi ukingoni mwa ncha pia. Hapo ndipo rangi huanza kumeguka.

6. Malizia na rangi ya kung'arisha, na uirudie baada ya siku 2 au 3.

Paka usiku, vyombo vikishaoshwa. Rangi huonekana kavu baada ya dakika chache, lakini ndani huendelea kukauka kwa saa kadhaa. Ukifua, vaa glovu za mpira. Chungwa limenye kwa kisu, si kwa kucha. Chupa ifunge vizuri na uiweke mahali pa baridi. Rangi ikiwa nzito, usiizimue kwa asetoni, kwani huharibu ubora wake. Tumia kizimulio cha rangi ya kucha.

Kwa wanaoswali, rangi hii huzuia maji ya udhu kufika kwenye kucha, ndiyo maana wengi huipaka siku za hedhi tu. Anayetaka rangi ya kudumu atumie hina: huingia ndani ya kucha yenyewe, haizuii maji wala haimeguki. Itaondoka polepole kadiri kucha inavyokua, takriban milimita 3 kwa mwezi.