Chikungunya na Alama ya Ubikuitini

Mwaka 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo ilienea Newala na Masasi, katika uwanda wa juu wa Makonde na pembezoni mwake. Wenyeji waliiita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwani mgonjwa hushindwa kunyooka. Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha maelezo yake mwaka 1955. Mwaka 1956 R.W. Ross alieleza jinsi virusi vyake vilivyotengwa.

Je, virusi vyenye jeni chache hivyo huishindaje seli? Utafiti wa mwaka 2012 ulitoa sehemu ya jibu. Protini ya virusi iitwayo nsP2 huifanya seli ibandike ubikuitini kwenye protini yake yenyewe, Rpb1. Ubikuitini ni protini ndogo yenye asidi amino 76. Mnyororo wake ukibandikwa kwenye protini nyingine, mara nyingi protini hiyo huvunjwa. Rpb1 ndiyo kitovu cha mtambo unaonakili jeni. Ikivunjwa, seli hushindwa kuwasha jeni za kujikinga.

Mahali palipobandikwa alama hiyo hutambuliwa kwa spektrometa ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli. Kwanza, protini hukatwa kwa kimeng'enya cha tripsini. Ubikuitini nayo hukatwa, lakini glisini zake mbili za mwisho hubaki zimeshikamana na lisini iliyobandikwa. Vipande vyenye masalia hayo hukusanywa kwa kingamwili maalumu, kisha hupewa chaji ya umeme na kupimwa. Lisini yenye alama huzidi ile ya kawaida kwa dalton 114 hivi.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. ISG15, protini inayoongezeka seli inapopambana na virusi, huacha masalia yaleyale. Uzito peke yake hautoshi kumtaja aliyeyaacha.

Kipimo hiki ni cha utafiti, si cha kumpima mgonjwa. Hospitalini, chikungunya huthibitishwa kwa PCR siku za mwanzo, na baadaye kwa kingamwili za damu. Dawa mahususi ya kuua virusi hivi haijapatikana; mgonjwa hupewa parasetamoli na maji ya kutosha, na aepuke aspirini hadi dengue iondolewe shaka. Nyumbani, vyombo vya maji vifunikwe, kwani mbu aina ya Aedes huzaliana humo na huuma mchana.