Karatasi ya Sita: Kumchagua Mwakilishi Wadi Kikopey na Vitongoji Vyake

Kabla mbuzi hajawekwa motoni katika senta ya wachomaji nyama ya Kikopey, Gilgil, serikali ya kaunti imekwisha kumshughulikia mara kadhaa. Soko la mifugo alikonunuliwa, kichinjio alikochinjwa, ukaguzi wa nyama yake, leseni iliyobandikwa ukutani mwa hoteli, hata kibali cha kuuza bia ya kuteremshia: yote haya ni kazi ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Ada unazotozwa huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, na sheria hiyo hupitishwa na bunge la kaunti. Anayeketi humo kwa niaba yako si gavana wala mbunge. Ni mwakilishi wadi, yule MCA ambaye wazee wetu wangali wanamwita kansela.

Kijitabu hiki kinamhusu yeye, kwa sababu ndiye tunayemchagua kwa pupa kuliko wote.

Kazi yake na isiyo yake

MCA hutunga sheria za kaunti, hujadili na kupitisha bajeti, na humkagua gavana pamoja na mawaziri wake wa kaunti. Zahanati, shule za chekechea, maji, masoko, taka na barabara za mitaani ni mambo ya kaunti. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, inayowaletea wachomaji wa Kikopey wateja, ni ya serikali ya kitaifa na iko chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Mradi wa kuipanua kutoka Rironi hadi Mau Summit ni wa kitaifa pia. MCA anaweza kuwasemea wafanyabiashara walio kandokando yake, lakini hana uwezo wa kuamua lami ipite wapi. Anayeahidi hivyo jukwaani anakudanganya, au hajui kazi anayoiomba. Sijui lipi baya zaidi.

Vilevile, hazina ya maendeleo, NG-CDF, ni ya eneobunge. Ukitaka kujua darasa la shule ya msingi limekwama wapi, muulize mbunge wa Gilgil. Na mchango wa matanga au karo anaoutoa MCA mfukoni mwake si kazi yake hata kidogo. Tukimpima kwa harambee, naye atatafuta pesa za harambee, na sote tunajua hutafutwa wapi.

Kaunti ya Nakuru ina wadi 55 kati ya 1,450 za nchi nzima. Eneobunge la Gilgil lina tano: Gilgil, Elementaita, Mbaruk/Eburu, Malewa West na Murindat. Mpaka wa wadi haufuati jina la soko wala steji, kwa hiyo usikisie. Ofisi ya eneobunge ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, itakuambia uko wadi gani.

Hadi 2013 mambo yalikuwa tofauti. Kulikuwa na mabaraza 175 nchini, ya miji na ya wilaya, na madiwani wa mji ndio waliomchagua meya kutoka miongoni mwao. Katiba mpya iliyafuta mabaraza hayo. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, meya hakurudi. Jiji husimamiwa na bodi ambayo wakazi hawaipigii kura. Mkazi wa jijini, kama wewe wa Kikopey, sauti yake ya karibu kabisa ni MCA.

Siku moja, kura sita

Si kila nchi huchagua viongozi wake wote siku moja. Nchini Uingereza, madiwani wa miji kama Bristol huchaguliwa Alhamisi moja ya Mei, wakati ambao kwa kawaida taifa halichagui wabunge. Mjadala huwa ni wa taka, mabasi na nyumba za kupangisha. Mwaka 2022 wakazi wa Bristol walipiga kura kuifuta nafasi ya meya, na tangu Mei 2024 jiji lao huendeshwa na kamati za madiwani. Ila kasoro ipo: katika chaguzi hizo za mitaa, mara nyingi ni takriban theluthi moja tu ya wapiga kura wanaojitokeza.

Kwetu ni kinyume. Mwaka 2022 takriban asilimia 65 ya waliosajiliwa walipiga kura, lakini macho yote yalikuwa kwa urais. Wanasiasa huomba kura za “suti”, yaani karatasi zote sita za chama kimoja kuanzia rais hadi MCA. Hapo ndipo mtu asiyejua hata kusoma bajeti huingia bungeni akiwa amening'inia kwenye koti la mgombea urais. Sheria haikulazimishi kuvaa suti. Unaweza kuchagua rais wa chama hiki, gavana wa kile, na MCA asiye na chama. Wapiga kura wa Nakuru wamekwisha kuonyesha kwamba hawana mkataba na mtu: katika chaguzi tatu wamechagua magavana watatu, Kinuthia Mbugua 2013, Lee Kinyanjui 2017 na Susan Kihika 2022.

Pale ambapo chama kimoja kina nguvu, kura ya mchujo ndiyo huamua. Ukiisusia, usishangae Agosti ukikuta chaguo limekwisha kufanywa.

Umesajiliwa wapi?

Hili ndilo tatizo kubwa la senta kama Kikopey. Wengi wanaofanya kazi hapa wametoka kwingine na wamejisajili kule kwao. Siku ya kura wanapanda matatu, wanakwenda kumchagua MCA wa kijiji wanachokitembelea Krismasi, kisha wanarudi kulalamika kuhusu mtaro uliozibwa nyuma ya kibanda. Ni haki yao, wala hakuna anayewakataza. Lakini mwenye kutaka kuamua mambo ya mahali anapolipia leseni ahamishe usajili wake. Nenda ofisi ya IEBC ya eneobunge ukiwa na kitambulisho au pasipoti. Usingoje dakika ya mwisho, kwa kuwa usajili husitishwa uchaguzi unapokaribia.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni wakati huo ataruhusiwa kupiga kura. Beba kitambulisho kile kile ulichojisajilia. Utapewa karatasi sita zenye rangi tofauti, kila moja na sanduku lake. Usiyeweza kusoma au kuona vizuri una haki ya kusaidiwa na mtu unayemwamini. Anayekupa pesa au unga ili umpigie kura anavunja sheria, na wewe ukipokea unaivunja pia.

Kati ya uchaguzi na uchaguzi

Bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili na hupaswa kupitishwa kabla ya mwisho wa Juni. Katiba inalilazimu bunge la kaunti kusikiliza wananchi. Mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wachache, aghalabu wale wale. Wachomaji wakituma hata watu watatu wenye hoja moja iliyoandikwa, kuhusu ada au choo cha soko, watasikika kuliko umati unaopiga kelele barabarani mwezi Septemba.

Na kura zikishahesabiwa, matokeo ya MCA hujazwa kwenye fomu 36A katika kila kituo, na nakala hubandikwa hapo hapo ili kila mtu asome. Asiyeridhika na matokeo ya wadi ana siku 28 tangu yatangazwe kuwasilisha kesi katika mahakama ya hakimu iliyoteuliwa, na atatakiwa kuweka dhamana ya shilingi 100,000. Mahakama nayo hupewa miezi sita kuamua.