Kibandiko kinasema 12, mpokea pesa anadai 14

Bei iliyobandikwa kwenye rafu ya duka, kwa sheria ya Kongo, ni ahadi ya muuzaji kwa kila anayeingia. Msomaji wa Bunia aliyeandika kwamba alichukua mfuko wa mchele wenye kibandiko cha dola 12, akadaiwa 14 alipofika kulipa, alikuwa na haki ya kuupata kwa 12. Shemeji yake, anayefanya biashara Kampala, amemwambia kuwa duka halikukosa, na kwamba mnunuzi hulipa au huacha. Shemeji huyo hakutunga: anaeleza sheria ya ng'ambo ya mpaka.

Uganda na Kenya zilirithi sheria ya Uingereza, ambako mwaka 1953, katika kesi ya maduka ya dawa ya Boots, mahakama iliamua kuwa kuweka bidhaa rafuni ni kumkaribisha mteja tu. Anayeomba kununua ni mteja, na muuzaji anaweza kukataa. Kongo ilirithi kwa Wabelgiji. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, inayotumika hadi leo, huhesabu mauziano kuwa yamekamilika mara tu pande mbili zinapopatana juu ya kitu na bei, hata kabla ya pesa kutolewa. Kibandiko kimekwisha kusema bei. Mteja akiikubali, mapatano yamefungwa. Kinachoweza kumwokoa muuzaji ni kosa lililo wazi kwa kila mtu: jenereta iliyoandikwa dola 5 haiuzwi dola 5. Tofauti ya 12 na 14 si kosa la namna hiyo.

Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inamruhusu mfanyabiashara kupanga bei yake mwenyewe, isipokuwa kwa vitu vichache kama mafuta ya gari, maji na umeme. Inamtaka pia aitangaze bei hiyo kwa mnunuzi. Kwa hiyo anaweza kupandisha mchele kesho asubuhi, lakini kibandiko kibadilishwe kwanza. Kusema "hiyo ni bei ya zamani" mbele ya mteja aliyekwisha kubeba mfuko hakutoshi.

Mara nyingi nyongeza hujificha katika kubadilisha pesa. Bei huandikwa kwa dola, mteja analipa kwa faranga, na duka linatumia kiwango chake lenyewe, kikali kuliko cha wabadilishaji wa barabarani. Kiwango kisichobandikwa mahali pa kuonekana kinaifanya bei yenyewe iwe imefichwa, na hapo mnunuzi wa Bunia huumia zaidi kuliko kwenye kibandiko chochote. Kiwango hicho kiulizwe kabla ya kuhesabu faranga.

Mteja anayelipa 14 kimya huonekana amekubali bei mpya. Bora apinge palepale kwa upole, amwite mwenye duka, apige picha ya kibandiko na kudai risiti yenye tarehe. Akiwa amelipa huku akipinga, anaweza kudai dola zake 2, kwa kuwa anayepokea asichostahili hupaswa kukirudisha. Mahakama ya Amani ipo, ingawa kwa dola 2 gharama ya kwenda na kurudi itazidi dai lenyewe. Njia nyepesi ni kupeleka picha na risiti kwenye idara ya Uchumi ya jimbo, ambayo wakaguzi wake wanaweza kufika dukani na kuandika ripoti ya kosa.