Fuat Sezgin na Vyombo vya Tiba Vilivyosahauliwa

Mzee anayeletwa kwenye kliniki ya macho mjini Singida, akitoka pengine Iramba au Manyoni, huelezwa kwamba ana mtoto wa jicho na kwamba upasuaji unaweza kumrudishia nuru. Wapo wanaokubali siku hiyo hiyo. Wapo pia wanaosita kwa miezi mingi, wakisema kwamba kisu ni tiba ya kizungu. Mhudumu wa afya anayeyasikia maneno hayo atafaidika kuyajua maisha ya Profesa Fuat Sezgin, mwanahistoria wa sayansi aliyeonyesha kuwa kisu hicho kimepita katika mikono ya mataifa mengi.

Sezgin alizaliwa Bitlis, mashariki mwa Uturuki, tarehe 24 Oktoba 1924. Alikusudia kuwa mhandisi, lakini mjini Istanbul alihudhuria darasa la Hellmut Ritter, mtaalamu Mjerumani wa lugha za Mashariki, na nia ya uhandisi ikaishia hapo. Chuo kilipofungwa wakati wa vita, kwa simulizi yake mwenyewe, alijifungia miezi sita akijifunza Kiarabu saa 17 kwa siku.

Mwaka 1960 jeshi lilitwaa madaraka nchini Uturuki, na wanazuoni 147 wakafukuzwa vyuoni. Sezgin alikuwa mmoja wao. Alihamia Frankfurt, Ujerumani, akaanza upya. Mwaka 1967 alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikuu juu ya maandiko ya Kiarabu. Juzuu ya tatu, ya mwaka 1970, inahusu tiba na famasia. Ili kuziandika juzuu hizo ilimlazimu kufuatilia hati za mkono katika maktaba za nchi nyingi.

Kazi ya namna hiyo huonekana kavu, lakini thamani yake ni kubwa. Mwaka ule ule aliozaliwa Sezgin, daktari Mmisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alionyesha kwamba hati iliyokuwa Berlin ilikuwa na maelezo ya Ibn al-Nafis, tabibu wa karne ya 13, kuhusu safari ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni. Hati ilikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni msomaji.

Fedha za Tuzo ya Mfalme Faisal zilimsaidia Sezgin kuanzisha taasisi mjini Frankfurt mwaka 1982, na mwaka uliofuata makumbusho yake. Vyombo vingi vya asili vilikuwa vimepotea, kwa hiyo aliwaagiza mafundi wavitengeneze upya kwa kufuata maandishi na michoro. Hatimaye nakala hizo zilipita 800. Miongoni mwake mna vyombo vya al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mnamo 1013, ambaye alichora vyombo vya upasuaji vipatavyo 200: visu, ndoana, koleo, misumeno ya mifupa. Hapa tahadhari inahitajika. Mchoro wa kale hauna vipimo, na kila mnakili aliubadilisha kidogo. Nakala ya fundi wa leo ni hoja ya mtafiti, haiwezi kuchukuliwa kuwa chombo chenyewe.

Kuhusu mtoto wa jicho, mnamo mwaka 1000 Ammar al-Mawsili, aliyefanya kazi Misri, alieleza sindano yenye tundu ya kufyonza uchafu huo wa jicho. Waarabu waliuita maji yanayoshuka; Kilatini kikatafsiri kwa neno la maporomoko ya maji. Kiswahili kiliona mtoto pale ambapo wengine waliona maji, ingawa maneno tabibu, dawa na maradhi tumeyapata katika Kiarabu hicho hicho. Sindano ya Ammar imebaki historia, na mgonjwa asikubali jicho lake lichomwe na yeyote nje ya hospitali. Daktari wa leo huiondoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia.

Mwaka 2008 Sezgin alifungua makumbusho ya pili mjini Istanbul, katika yaliyokuwa mazizi ya farasi ya kasri ya Topkapı, ndani ya bustani ya Gülhane. Nchi iliyomfukuza ilikuwa imempokea tena. Alifariki tarehe 30 Juni 2018, akiwa na miaka 93, akazikwa katika bustani hiyo, karibu na mimea ya dawa iliyopandwa kwa kumfuata Ibn Sina.