Vumbi la Same, Ukungu wa Chome: Ninavyotibu Kompyuta Upareni

Mteja akinipigia kusema kompyuta yake imekufa, kabla hajaeleza ilivyokufa namuuliza anapiga kutoka wapi. Mama mmoja mwenye steshenari kule milimani aliwahi kunijia juu: "Mwanangu, nimepiga kwa fundi au kwa mganga? Ukoo wangu unauulizia nini?" Nikamwambia, "Nisamehe mama. Nikijua mashine inalala wapi, nusu ya ugonjwa wake nimeshaipata."

Wilaya yetu ya Same ni nchi mbili zilizopandana. Huku chini, Same mjini, Makanya na Hedaru, mvua ni ya kubahatisha kwa sababu milima inaikamata kabla haijatufikia. Kinachofika ni upepo, na upepo hauji mikono mitupu. Makanya wanachimba jasi, malori yanapita barabara kuu usiku na mchana, na vumbi linaingia hadi kwenye sahani ya makande. Panda sasa Chome, Mbaga au Vudee. Ni safari ya gari moja tu, lakini unakuta migomba, ukungu wa asubuhi na watu waliojifunga makoti, na juu yao kilele cha Shengena kinachopita mita 2,400. Bonde linaua mashine kwa vumbi na joto. Mlima unaiua kwa unyevu na radi.

Nianze na bonde, maana ndiko ninakokula.

Laptopu ya bondeni utaijua. Feni inalia kama mashine ya kusaga, tumbo lake linachoma mapaja, na ukiwa katikati ya barua inajizima. Ukiiacha ipoe inawaka kama vile haikuwa na neno. Hapo mwenyewe huwa ameshaambiwa na jirani kwamba "windo limeharibika", na wengine wanakuja kwangu wakiwa wameshalipia kupigiwa windo, yaani kuwekewa Windows upya, mara mbili. Windo halina kosa. Mashine ina kikohozi.

Kuisafisha unaweza mwenyewe ukiwa na bisibisi ndogo na subira. Zima, chomoa chaja, toa betri. Kama betri haitoki kwa nje, ukishafungua mfuniko wa chini chomoa plagi yake kwenye bodi kabla hujagusa kitu kingine. Skrubu hazilingani urefu, kwa hiyo chora mfuniko kwenye karatasi na uiweke kila moja mahali ilipotoka. Ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa bodi. Kisha shika feni kwa kijiti cha meno isizunguke, ndipo upulize kwa blowa. Feni ikizungushwa mbio na upepo wa blowa mhimili wake unachakaa, tena inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Kati ya feni na matundu ya kutolea joto utakuta kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Kitoe kwa kibano. Huyo ndiye mwizi.

Kama bado inachemka, tazama grisi ya prosesa. Ikishakauka ikawa kama chokaa, ifute kwa spiriti na uweke mpya, kiasi cha punje moja ya mchele, mchele wa Ndungu ukipenda. Nimefungua mashine zilizopakwa grisi kama mkate unavyopakwa siagi ya harusi, na zilikuwa zinachemka vilevile.

Nyumba inayopikia kuni ina shida yake. Moshi unaligandisha vumbi likawa kama utomvu, na hapo blowa haifui dafu. Tumia brashi laini na spiriti, polepole. Steshenari za kando ya barabara nawashauri wasafishe kila baada ya miezi mitatu. Ofisi yenye madirisha yanayofungika, mara mbili kwa mwaka zinatosha. Na mwenye kompyuta ya mezani azibe kwa kipande cha bati zile nafasi za nyuma zilizoachwa wazi (matundu ya feni ayaache). Mijusi wanapenda joto la mle ndani. Nimeshatoa mmoja aliyekauka juu ya bodi, ameungua yeye na bodi pamoja, na mwenye mashine alikuwa ameshaanza kumshuku shemeji yake.

Mlimani mashine haikohoi, inaota kutu. Kisa kinachojirudia ni cha shule: kompyuta zinafungiwa kabatini likizo ya Desemba, Januari zikiwashwa taa inawaka, mashine inalia pi, pi, pi, skrini nyeusi tii. Mara nyingi ni ramu tu. Unyevu umeweka utando kwenye meno yake ya shaba. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, toa ramu, yasugue yale meno taratibu kwa raba ya penseli iliyo safi, pangusa kwa kitambaa kikavu, irudishe hadi usikie vishikizo vikisema ta. Raba ya duka la jirani imeniokolea wateja wengi kuliko kifaa chochote nilichoagiza Dar.

Kinga yake ni rahisi: mashine isilale. Iwashe walau saa moja kila wiki, joto lake lenyewe litaikausha. Na ikitoka baridini usiiwashe mara tu unapoiingiza kwenye chumba chenye joto na watu wengi, kwa sababu ndani yake inatoka jasho kama chupa ya soda. Iache kwenye begi saa nzima kwanza.

Kuna ugonjwa mwingine mdogo wa mashine zilizolala: saa inarudi nyuma miaka. Mwenye mashine halioni hilo. Anachoona ni kwamba kila tovuti inamwambia si salama, akadhani amedukuliwa. Tazama tarehe kwenye kona ya skrini kabla hujapaniki. Kwenye kompyuta nyingi za mezani dawa ni betri ya duara ya CR2032, ile ya mizani na rimoti ndogo.

Sasa umeme, ambao hauchagui mlima wala bonde. Wazee wetu walichimba ndiva: maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa mpango kuelekea mashambani. UPS ni ndiva ya umeme. Haikupi umeme wa kushinda nao. Inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Stabilaiza ni kitu kingine, hiyo inatuliza umeme unaopanda na kushuka. Wenye maduka wananiuliza wanunue ipi kwanza. Kama una kompyuta ya mezani, UPS. Kama una laptopu yenye betri nzima, ndiva unayo tayari, nunua stabilaiza.

Ukigusa bati la kompyuta ukasikia linakutekenya, nyumba haina waya wa ardhini unaofanya kazi. Huku bondeni hata nyumba zenye waya huo hutekenya wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Mwite fundi umeme aupime, na kiangazi umwagie maji pale nondo ya waya huo ilipozama. Na ngurumo zikianza, hasa mlimani, kuzima kwa swichi hakutoshi. Chomoa plagi ukutani, chomoa na waya wa intaneti, maana radi hupitia huko pia.

Hadi hapa nimesema vitu vinavyonunulika. Kisichonunulika ni mafaili.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii mwalimu mmoja aliniletea laptopu nzito kama jiwe. Nikaipiga windo jioni ileile, nikajisifu. Alipokuja, akaifungua, akakaa kimya, kisha akauliza, "Fundi, alama za wanafunzi ziko wapi?" Zilikuwa kwenye dawati la kompyuta, na nilikuwa nimefuta diski yote. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Tulipata baadhi kwa programu ya kurejesha, zilizobaki alizijaza upya kutoka kwenye madaftari, usiku.

Tangu siku hiyo sifuti chochote kabla ya kuhamisha. Windo likigoma kuwaka, natumia flashi yenye Linux: mashine inawakia kwenye flashi, naona mafaili, nayahamishia kwenye diski ya nje, ndipo naendelea. Unaweza kujitengenezea flashi kama hiyo, Linux ni bure. Na ninaandika. Sisi Wapare tunasemwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku, basi na iwe hivyo, lakini kuku awe kwenye maandishi: aina ya mashine, namba yake, ilivyokuja, kitakachofanyika, bei, na sahihi mbili. Wewe mteja ukikutana na fundi asiyeandika, andika mwenyewe umpe asaini. Mafaili yako si yake kuchungulia pia. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi ina sheria inayolinda taarifa binafsi, ile ya mwaka 2022, na picha za harusi yako zimo humo.

Flashi nazo. Ukichomeka flashi steshenari ukirudi nyumbani ukakuta kila folda imegeuka njia ya mkato, usiifomati. Mafaili yako yapo, kirusi kimeyaficha tu. Pitisha programu ya kuua virusi kwanza, kisha fungua lile dirisha jeusi la amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi yako, tazama usikosee), bonyeza Enter, subiri. Yakishatokea, futa zile njia za mkato bila kuzifungua.

Na wakati mwingine mashine haiumwi kabisa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zilizolala chini ya bahari, huko upande wa Afrika Kusini, zilikatika, na Tanzania nzima ikasota. Jumatatu nilipokea watu waliobeba laptopu nzima. Ningeweza kuwatoza wote. Ndiyo maana sasa nasema: intaneti ikigoma, jaribu simu ya jirani wa mtandao mwingine kabla hujalipa nauli. Mtu wa Mamba Myamba, kwenye nchi ya tangawizi, akishuka kwangu siku yake imekwisha. Nitumie kwanza picha ya skrini kwa WhatsApp, na sauti ya feni kama inalia. Nyingi natibu hukohuko.

Swali linaloniandama siku hizi ni Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua hapa zina prosesa za Intel zilizotoka kabla ya kizazi cha nane, na Windows 11 rasmi haizikubali. Kuna mafundi wanailazimisha iingie. Mimi silazimishi kwenye mashine ya kazi. Kama unachapa barua na kufungua barua pepe, nakuwekea Linux Mint na LibreOffice, nakufundisha nusu saa. Kama unategemea programu ya uhasibu inayotaka Windows tu, anza kuweka akiba ya mashine nyingine, na kwa sasa usiingize flashi za watu ovyo. Kabla ya kuitupa ya zamani, badilisha diski inayozunguka uweke SSD. Wengi wakiona inavyowaka huahirisha kununua mpya.

Ukiamua kushuka Same na mashine yako, ifunge vizuri, usiweke juu ya gunia kwenye keria, na njoo na chaja. Wengi huiacha nyumbani, na mara nyingi yenyewe ndiyo mgonjwa.