Mwendo Kabla ya Maneno: Somo la Uigizaji kutoka kwa Alec Guinness

Kila mwaka msimu wa drama unapobisha hodi, wengi wetu hung'ang'ania jambo moja tu: kukariri maneno. Mtu hupewa nafasi ya mzee wa kijiji, akayameza maneno yote barabara, kisha akapanda jukwaani akitembea kama kijana wa kidato cha pili. Watazamaji huangua kicheko mahali pasipo na kichekesho. Je, kasoro iko wapi? Katika somo hili tutayaangalia maisha ya Mwingereza mmoja, Alec Guinness, aliyeigundua kasoro hiyo mapema na kuitafutia dawa.

Utoto wake

Guinness alizaliwa jijini London tarehe 2 Aprili 1914. Katika cheti chake cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba paliachwa wazi. Mama yake alihamahama naye huku na kule akiacha madeni nyuma, na kufikia umri wa miaka 14 kijana huyu alikuwa amekwisha kuitwa kwa majina matatu tofauti. Shuleni nako hakukuwa na nafuu. Mwalimu mkuu mmoja alimwambia waziwazi kwamba yeye si mtu wa kuigiza.

Baadaye, akiwa katika shule nyingine mjini Eastbourne, alipewa nafasi ndogo sana katika tamthilia ya Macbeth. Alikuwa tarishi aletaye habari huku akihema. Wengine wangehema kwa kujisingizia tu. Yeye alifanya nini? Kabla ya zamu yake alitoka nje, akauzunguka uwanja wa michezo mbio, kisha akaingia jukwaani pumzi zikimtoka kweli kweli! Hilo ndilo somo lake la kwanza, na alijifundisha mwenyewe: mwili ukisema kweli, maneno hufuata.

Safari ya kuingia jukwaani

Alipomaliza shule, aliajiriwa London kuandika matangazo ya biashara. Mshahara ulikuwa mdogo, na moyo wake ulikuwa kwenye michezo ya kuigiza. Akapiga moyo konde, akamwendea kwa simu mwigizaji mashuhuri John Gielgud kuomba ushauri. Gielgud alimwelekeza kwa mwigizaji Martita Hunt ili amfundishe. Baada ya masomo machache, bibi huyo alimwambia hana kipawa na kwamba anapoteza pesa zake bure.

Mwingine angekata tamaa. Lakini wapi! Guinness aliendelea mpaka akapata ufadhili wa kusoma katika shule ya uigizaji ya Fay Compton. Pesa zilipomwishia alishinda na njaa. Gielgud alipomwona amekonda, alitaka kumpa pauni 20, lakini kijana akakataa kwa kuona haya, akasema hana shida. Hatimaye, mwaka wa 1934, Gielgud alimpa kitu bora kuliko pesa: kazi. Alimpa nafasi ya Osric katika Hamlet.

Dunia nayo ni duara. Mwaka wa 1946 ilipotoka filamu ya Great Expectations, iliyoongozwa na David Lean, Guinness alikuwa mmoja wa waigizaji wake. Na ni nani mwingine aliyekuwamo? Martita Hunt, yule yule!

Siri ya mwendo

Guinness alikuwa na desturi moja ambayo sisi sote tunaweza kuiiga bila gharama yoyote. Kabla ya kujiona amemwelewa mhusika, aliutafuta mwendo wake. Huyu mtu hukanyagaje? Hubeba mabega yake vipi? Katika filamu ya Kind Hearts and Coronets (1949) aliigiza watu wanane wa ukoo mmoja, akiwemo mwanamke, kasisi na mwanajeshi wa maji. Mtu akitazama haraka hadhani kuwa wote ni mtu mmoja.

Mfano mkubwa zaidi ni filamu ya The Bridge on the River Kwai (1957). Hapo aliigiza Kanali Nicholson, ofisa Mwingereza aliyetekwa na Wajapani katika Vita Vikuu vya Pili. Kanali hufungiwa katika kibanda cha mabati kwenye jua kali. Anapotolewa, miguu inamlegea, lakini bado anajitahidi kutembea kiaskari mbele ya watu wake. Mwendo ule Guinness aliutoa wapi? Nyumbani kwake. Mwanawe Matthew aliugua polio akiwa mvulana, na baba alikuwa amemtazama akijifunza upya kutembea, hatua baada ya hatua. Waama, yale tunayoyaona kuwa usanii wa hali ya juu yalianzia katika uchungu wa mzazi. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Oscar, na mwaka wa 1959 akatunukiwa cheo cha Sir.

Hata uzeeni hakuacha kutazama. Alipotakiwa kuigiza jasusi George Smiley katika mchezo wa televisheni wa mwaka wa 1979, alikula chakula cha mchana na Maurice Oldfield, aliyekuwa mkuu wa majasusi wa Uingereza. Hakwenda kwa ajili ya chakula, bwana! Alikwenda kumsoma.

Makosa yake

Tusimsifu tu kupita kiasi. Mwaka wa 1951 alirudia Hamlet jijini London, yeye mwenyewe akiwa mhusika mkuu. Usiku wa kwanza taa zilikwenda kombo na wahakiki wakamkaanga.

Zito zaidi ni lile la Fagin katika filamu ya Oliver Twist (1948). Alijibandika pua kubwa mno ili afanane na michoro ya zamani ya kitabu hicho. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mamilioni ya Wayahudi wauawe Ulaya, nao waliona wanadhihakiwa. Marekani filamu hiyo haikuonyeshwa hadi mwaka wa 1951, tena baada ya kukatwakatwa. Fundisho ni kwamba kumwiga mtu ni jambo moja na kulikejeli kabila lake ni jambo jingine. Nasi tunaopenda kuchekesha kwa lafudhi za makabila ya wenzetu tulitafakari hilo.

Tamati

Vijana wengi wanamjua kwa filamu ya Star Wars (1977), iliyomtajirisha lakini ikamuudhi kwa kuwafanya watu wasahau kazi zake nyingine. Guinness alifariki Agosti 2000 akiwa na umri wa miaka 86.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi mwanachama mwenzangu, ukipewa nafasi ya mzee wa kijiji, usikimbilie karatasi ya maneno. Nenda kwanza ukamtazame babu akiinuka kitini.

Zoezi

1. Kwa nini Guinness alikimbia kuzunguka uwanja kabla ya kuingia jukwaani?
2. Eleza tofauti kati ya kuiga na kukejeli. Toa mfano kutoka makala haya.
3. Chagua mtu mmoja sokoni au kituo cha basi. Mtazame kwa heshima, kisha uigize mwendo wake mbele ya darasa bila kusema neno. Je, wenzako wanaweza kutambua umri na kazi yake?