SOMO LA WANAUSHIRIKA: AKIBA YA AFYA NA CHUJIO LA MAJI



Chama chochote chenye mfuko wa matibabu huweza kukabiliwa na swali hili: fedha zilizowekwa kwa ajili ya ugonjwa, je, yafaa zinunue kitu cha kuzuia ugonjwa, kama vile chujio la maji ya nyumbani? Katika somo hili tutatazama jinsi swali hilo linavyojibiwa huko Marekani, kisha tuone lipi latufaa sisi.

1. Akaunti ya akiba ya afya ni nini?

Akaunti hizi ziliundwa kwa sheria iliyotiwa saini mwezi wa Desemba 2003, zikaanza kutumika Januari 2004. Anayeruhusiwa kuweka fedha ndani yake ni mtu mwenye bima ya aina maalumu, ambayo humtaka abebe mwenyewe sehemu kubwa ya kwanza ya gharama kabla ya bima kuanza kulipa. Fedha zinazowekwa hazitozwi kodi ya mapato. Zikitolewa kwa matibabu, hazitozwi pia. Salio la mwaka halipotei, bali huvuka kuingia mwaka ufuatao. Kwa mwaka 2025 kikomo cha kuweka kilikuwa dola 4,300 kwa mtu mmoja na dola 8,550 kwa familia.

2. Je, chujio la maji ni matibabu?

Kwa kawaida, sivyo. Sheria yao yataka gharama iwe hasa kwa ajili ya kutibu, kupunguza au kuzuia ugonjwa. Kitu kinachofaa afya kwa jumla tu hakitoshi. Mtu anayenunua chujio kwa sababu maji yana ladha mbaya hawezi kulilipia kwa akiba hiyo. Lakini mgonjwa ambaye daktari wake amempima, akaandika ugonjwa alio nao na sababu ya chujio kuhitajika, huyo ana hoja ya kusimamia. Tena, chujio likifungwa kwenye mabomba ya nyumba nzima na kuongeza thamani ya nyumba, kiasi cha ongezeko hilo huondolewa katika gharama inayokubaliwa.

Yafaa ieleweke kwamba barua ya daktari si hirizi. Mwezi Machi 2024 Idara ya Kodi ya Mapato ya Marekani iliwaonya wananchi juu ya kampuni zinazotoa barua za daktari kwa malipo, kwa kutegemea maelezo ya mteja peke yake. Barua ya namna hiyo haigeuzi matumizi ya kawaida kuwa matibabu.

3. Hasara ya kukosea

Benki haina wajibu wa kumwuliza mwenye akaunti fedha anazitumia kwa nini. Mwenyewe hujiidhinishia, na mwenyewe hujibu siku ya ukaguzi. Tuseme mtu ametoa dola 600 kununua chujio lisilostahili, naye hutozwa kodi ya asilimia 22. Atalipa kodi dola 132. Kama hajatimiza umri wa miaka 65, wala si mlemavu, ataongeza adhabu ya asilimia 20, yaani dola 120. Chujio la dola 600 limemgharimu dola 852.

4. Chujio lijulikane kazi yake

Hasara nyingine ni kununua chujio lisiloondoa kile kinachodhuru. Huko Marekani machujio hupimwa kwa viwango. Kiwango namba 42 cha NSF/ANSI huhusu ladha, harufu na klorini. Namba 53 huhusu vitu vyenye madhara kwa afya, kama madini ya risasi, na mnunuzi hupaswa kusoma ni kitu gani hasa kilichothibitishwa. Kwetu nako ni vivyo hivyo. Chujio la udongo wa kuchoma huzuia vijidudu vingi vya kuharisha, lakini haliondoi floridi inayoharibu meno na mifupa katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro. Kuchemsha nako hakuiondoi. Hivyo basi, maji yapimwe kwanza, chujio linunuliwe baadaye.

5. Mafunzo kwa vyama vyetu

Akaunti ya Mmarekani ni mali ya mtu mmoja, lakini mfuko wa chama ni mali ya wanachama wote. Kwa hiyo Katibu hana mamlaka ya kuamua peke yake kwamba chujio ni matibabu, hata kama nia yake ni njema. Chama kinachotaka kulipia machujio na kifuate utaratibu huu:

(a) Mkutano Mkuu uamue, na uamuzi uandikwe katika masharti ya mfuko.
(b) Mwombaji alete maandishi ya mganga au matokeo ya kupimwa kwa maji.
(c) Stakabadhi ya muuzaji ihifadhiwe pamoja na hati ya malipo.
(d) Gharama ya kubadilisha kiini cha chujio ihesabiwe tangu mwanzo, kwani kiini kilichochakaa hakilindi afya ya mtu.

Fedha zikitoka bila masharti, atakayekosa ni mwanachama atakayeugua kesho na kukuta mfuko mtupu.

Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Masharti ya mfuko wetu yanasema nini juu ya kuzuia ugonjwa?
2. Maji tunayokunywa yamepimwa lini, na yalionekana kuwa na nini?
3. Mkaguzi akija leo, kila malipo ya matibabu yana stakabadhi na sababu iliyoandikwa?